Punda Aliyekuwa Akitafuta Kazi

Juzi binti yangu Imani na mdogo wake walipasua mto wa kulalia wakicheza sebuleni, na nilipoingia kutoka kazini nikakuta pamba imetapakaa kila mahali, kwenye kochi, kwenye zulia, hadi kwenye sukuma wiki niliyokuwa nimeiacha mezani niikate jioni. Sikuwa na nguvu za kugomba. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa tangu asubuhi, na mtu aliyesimama kutwa nzima hagombi, anaketi. Nikaketi katikati ya ile pamba bila hata kuvua viatu. Ndipo harufu ikanipata. Pamba mbichi ina harufu yake, kavu, ya vumbi na mafuta kidogo, kama ya gunia lililoanikwa juani. Sikuwa nimeinusa tangu nilipokuwa shule ya msingi hapa hapa Eldoret, na mtu aliyekuwa akija nayo nyumbani tulishamzika.

Kwenye televisheni kulikuwa na filamu ya katuni. Kwetu huwa kuna filamu ya katuni. Theluji ilikuwa ikianguka humo ndani, na yule mdogo akanyoosha kidole akasema, "Mami, ona, hata kwao pamba inamwagika." Nikamwambia ni kweli, kwao pia inamwagika. Imani akanitazama kwa mshangao, maana mimi ndiye mtu wa kumrekebisha kila mtu katika nyumba hii.

Nyinyi wenzangu wenye watoto mnazijua hizi filamu. Mama hufa kabla hujamaliza kumenya viazi, kwa sababu mwandishi hakujua amfanyie nini. Kisha mtoto anapata rafiki mnyama asiyenyamaza. Kuna wimbo unaoimbwa mtu akiwa amesimama juu ya jiwe. Yule mzee mkarimu mwenye sauti laini ndiye atakayegeuka kuwa mbaya, na Imani, ambaye bado anang'oka meno ya utotoni, humtambua mara tu anapoingia. Mwishoni shujaa anaambiwa ajiamini, anajiamini, na shida zote za dunia zinayeyuka. Picha ni nzuri, sikatai. Unaona unywele mmoja mmoja wa paka ukipeperuka. Aliyechora unywele ule amefanya kazi, Mungu ambariki. Aliyeandika hadithi naona alikwenda nyumbani mapema.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba humo ndani hakuna mtu anayehangaikia riziki. Wana nyumba, wana mkate, wana viatu vizuri, na hutamwona hata mmoja akitoka asubuhi kwenda kutafuta. Halafu hawanyamazi. Kila wanachohisi wanakisema, na wakishakisema wanakiimba. Mtoto haachiwi hata mwanya wa kuuliza kitu. Siku moja nilimweleza Imani hayo yote, nikiwa nimechoka na nikiwa na hasira ya kuchoka, akanisikiliza vizuri hadi mwisho kisha akasema, "Mami, ni katuni tu. Si lazima ikuwe serious."

Labda. Lakini mimi nililelewa na katuni moja, na ilikuwa nzito kuliko mahubiri.

Baba alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, kwenye idara ya kufuma. Alikuja mjini akiwa kijana kutoka Ugenya, kama wengi wa watu wetu waliokuja kufuata kazi, na akazeekea kwenye mashine. Jioni alirudi na pamba kwenye nyusi, ndani ya masikio, kwenye mikunjo ya shingo. Mama alimpangusa kwa kitambaa kabla hajaketi, na harufu ile ikaingia hadi kwenye chakula. Tuliishi kwenye ploti ya nyumba za mbao, zile zilizojengwa kwa mstari, ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Upande wetu wa kulia aliishi Mama Kiprono na watoto wake. Akikohoa, sisi tulimwambia pole.

Siku moja Baba alisahau ufunguo, na Mama akanichukua tukampelekea kazini. Mlango wa idara yao ulipofunguliwa, kelele ilinipiga kifuani. Haikuwa kelele ya kusikia kwa masikio, ilikuwa ya kusikia kwa mbavu. Na humo ndani watu walikuwa wakipiga soga na kucheka, wanaume kwa wanawake, bila sauti yoyote ya binadamu kutoka. Walifungua midomo sana, wakiyachora maneno taratibu, na mwenzao wa upande wa pili wa mashine akajibu vivyo hivyo. Mama alinieleza njiani kwamba watu wa kufuma husoma midomo. Hakuna namna nyingine ya kusemezana mle. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba baba yangu ana kipawa ambacho baba wa wenzangu hawana, na nikaanza kujifunza kwa kumtazama mchungaji kanisani, nikajipatia maneno yangu mwenyewe kutoka kwenye mdomo wake, ambayo hayakuwa ya Biblia.

Kisha kiwanda kikafungwa. Wakubwa walisema lao na wafanyakazi walisema lao, mimi nilichoelewa ni kwamba Baba alikuwa nyumbani asubuhi, amenyoa ndevu, amevaa shati la kazi, na hana pa kwenda. Baadaye akaanza kutoka. Alizunguka kwenye mageti ya viwanda, kwenye maghala ya mahindi, kwenye mashine za mbao. Nilipokwenda naye mjini nilimwona akisimama ghafla kando ya barabara, na ng'ambo, nyuma ya malori na mikokoteni, kuna mtu mwingine amesimama vilevile. Ni mwenzake wa kufuma. Mtu wa kawaida angepiga kelele au angevuka. Wao walisemezana hapo hapo bila sauti. Yule angefungua mdomo: *Umepata?* Na Baba naye: *Bado.* Wakainuliana mikono, kila mmoja akaenda zake. Tulikutana na wengi wa namna hiyo, na baada ya muda hata mimi niliweza kuyasoma maneno hayo mawili kutoka mbali. Nilijivuna sana kwa kuyajua.

Mama alianza kuuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni, na mambo ya nyumbani yakahamia kwake bila mtu kuyahamisha. Mwenye ploti akija alimuuliza yeye. Shuleni wakitaka kitu tulimwambia yeye. Kanisani walikuwa wakimwita Baba mbele kusoma matangazo, wakaacha. Hakuna aliyemdharau, na Mama hasa hakumdharau, lakini mtu asiye na kazi watu huacha kumuuliza neno. Nafikiri ilifika mahali akawa amebaki na saa moja tu katika wiki nzima ambayo watu walinyamaza wamsikilize yeye. Ilikuwa Jumamosi alasiri, mbele ya televisheni. Hiyo ndiyo aliyokuwa nayo, na akiipoteza hiyo sijui angebaki na nini.

Televisheni yenyewe aliinunua enzi zile kazi ilipokuwa kazi, pamoja na deki ya kuchezea mikanda ya video. Ilionyesha picha vizuri tu. Sauti haikuwa nayo. Baba alituambia spika iliungua siku umeme ulipokatika ukarudi kwa nguvu, na kwamba haina haja ya kupelekwa kwa fundi, mafundi wa mjini watatoa vitu vizuri waweke vibovu. Nasi hatukuona shida. Mkanda tuliokuwa nao ulitoka kwa Adan, Msomali mwenye duka la redio na vitambaa karibu na soko, aliyekuwa pia akikodisha mikanda. Huu ulikuwa umepoteza ganda lake, haukuwa na jina, wateja wake hawakuutaka, akampa Baba auchukue tu kwa sababu ya watoto. Ulikuwa wa katuni, wa punda mdogo anayetembea katika nchi yenye theluji pamoja na bata bukini.

Baba aliketi kwenye kiti chake, akaegemeza viwiko magotini, akawa anautazama mdomo wa punda. Kisha akatuambia anachosema.

Mimi niliamini anamsoma. Mbona nisiamini? Nilikuwa nimewaona kwa macho yangu watu wakisemezana bila sauti, kiwandani na barabarani. Mdomo ni mdomo, wa mtu au wa punda. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu anajua punda wanasema nini, wakaniimba kwa dhihaka muhula mzima.

Punda wetu alikuwa ametoka kiwandani. Theluji ilikuwa pamba, ilimwangukia mgongoni kwa sababu aliishi karibu na mashine, na sisi tuliokuwa tukiiona pamba kwenye nyusi za Baba miaka yote hatukuwa na sababu ya kubisha. Bata bukini asiyefunga mdomo alikuwa supavaiza wake wa zamani. Kila mlango aliofika punda ulikuwa geti, na mbwa aliyelala hapo alikuwa bawabu, akimwambia hakuna nafasi, aje Jumatatu. Jumamosi moja punda alikwenda hadi Burnt Forest kupakia viazi na akakuta vijana wenye mgongo wa kupakia wamejaa. Jumamosi nyingine alikwenda Soy. Kuna mahali mwanamke mwenye kitambaa chekundu alimpa punda tufaha na kumshika shingoni. Huyo alikuwa mkewe. "Anamwambia aende pole pole," Baba alisema, "chakula kipo, asikimbie barabarani." Jikoni, nyuma ya pazia, Mama aliacha kukoroga.

Picha zilikuwa zile zile na maneno yalibadilika kila wiki, na hilo nalo niliona ni sawa. Nilidhani mikanda yote ndivyo ilivyo, kwamba ukiiweka wiki nzima hadithi inaendelea yenyewe humo ndani, kama unga wa mandazi unavyoumuka ukiachwa. Haikunijia kwamba Burnt Forest ni mahali Baba alikuwa amekwenda Jumatano.

Palikuwa na mahali ambapo punda hulala chini ya mti usio na majani, theluji ikimfunika, na mdomo wake unacheza kidogo. Jumamosi nyingi Baba alikuwa na la kusema hapo. Siku moja hakusema kitu. Nilingoja, nikamvuta suruali, nikamuuliza punda anasema nini. "Hasemi," akanijibu. "Anafikiria." Tukaketi pale tukimtazama punda akifikiria hadi picha ikabadilika. Huwa nakumbuka hilo nikiwa na Imani mbele ya filamu zake, pale shujaa anapopatwa na jambo zito na hata kabla halijamwingia rafiki yake anapiga chafya ili watoto wacheke. Wanaogopa nini? Mtoto anaweza kukaa na punda anayefikiria. Mimi nilikaa naye na sikufa.

Kulikuwa na mambo mengine niliyoyaona na kuyaelewa kinyume. Mama hakuwahi kumwita Baba. Wanawake wa ploti walipaza sauti kuwaita waume zao kutoka bombani, yeye alitembea hadi alipo, akamgusa bega, akazunguka mbele ya uso wake, ndipo akasema neno lake. Nilidhani hayo ndiyo mahaba. Nilipoolewa nikamfanyia mume wangu hivyo, naye akaniuliza kama kuna habari mbaya kutoka nyumbani. Halafu kuna watu walisema Baba ana maringo, ukimwamkia ukiwa nyuma yake anapita tu kama hakujui. Hilo liliniuma. Nilimtetea kwa kusema ana mawazo mengi. Nyinyi mnaosoma pengine mmeshafahamu. Lakini mimi nilikuwa mtoto, na mtoto aliyezaliwa akakuta mambo yako hivi hajui kwamba kuna vingine.

Kaka yangu Odhiambo alirudi likizo kutoka bweni. Alikuwa kidato cha pili, sauti imevunjika, Kiingereza kimemkaa, na ameshaonyeshwa filamu ukumbini shuleni kwao. Jumamosi ya kwanza aliketi nasi, akamsikiliza Baba na punda wake, na nikamwona akiuma mdomo. Baadaye akanivuta nje kwenye kamba za nguo.

"Akinyi, hiyo filamu ni ya wazungu," aliniambia. "Huyo punda anaongea Kizungu. Mzee anatunga tu."

Nilimwambia Baba anasoma midomo. Akacheka, hakucheka kwa ubaya, na akaniuliza kama Baba anasoma midomo ya Kiingereza na yeye hakufika mbali shuleni. Nilikasirika kwa siku kadhaa na sikujua ninamkasirikia nani.

Odhiambo hakuwa na nia mbaya. Alitaka kutuletea filamu yenyewe, sisi washamba wa nyumbani tuione kama inavyoonekana, na alikuwa amejifunza kidogo mambo ya umeme kwenye klabu ya sayansi. Siku Mama yuko sokoni na Baba amekwenda kuzunguka, alifungua mgongo wa televisheni. Vumbi la humo lilinipigisha chafya. Alichungulia kwa muda, kisha akanionyesha kwa kidole. Spika haikuwa imeungua. Waya zake zilikuwa zimetolewa, na ncha zimezungushiwa tepu nyeusi, kila ncha peke yake, nadhifu, vile alivyokuwa Baba akifunga kila kitu alichotengeneza katika nyumba ile. Sote wawili tuliijua ile kazi ya mkono. Odhiambo alisema labda Baba alikuwa akijaribu kutengeneza akasahau kurudisha. Akazirudisha yeye.

Jumamosi Baba aliketi kwenye kiti chake. Odhiambo alikaa chini karibu kabisa na vitufe. Mkanda ukaanza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ile televisheni ikatoa sauti. Kwanza vinanda. Kisha punda akaongea, kwa sauti ya mtoto mwenye mafua, Kiingereza kitupu. Nilimgeukia Baba nione atakavyoshtuka.

Hakushtuka. Aliegemeza viwiko magotini kama siku zote, akatuambia punda ameamka mapema leo kwa sababu amesikia kuna kazi kwenye mashine mpya ya kusaga. Bata bukini akaongea Kiingereza cha haraka, na juu ya Kiingereza hicho Baba akaongea maneno ya supavaiza. Zilikuwa hadithi mbili kwa wakati mmoja katika chumba kimoja, na yeye alikuwa katika mojawapo tu. Odhiambo alificha mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Akaongeza sauti kidogo. Baba akaendelea. Akaongeza tena. Baba akaendelea, macho kwenye mdomo wa punda, akisimulia kwa upole jinsi geti la kiwanda lilivyofunguliwa nusu.

Nikamwona Odhiambo akiacha kucheka. Filamu ilipokaribia kwisha aliongeza mara nyingine, na safari hii haikuwa mzaha, alitaka kuwa na hakika. Vikombe vilianza kulia kabatini. Mama alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akasimama kwenye pazia, akatuona sisi, akamwona Baba, akabaki hapo. Hapo ndipo nilipolikumbuka lile bega ambalo Mama aliligusa kila mara kabla ya kusema neno. Mambo yote niliyoyajua kuhusu baba yangu yakahama mahali pake.

Kabla yeyote wetu hajasogea, Mama Kiprono alikuwa mlangoni, amejifunga leso, uso wa mtu aliyeamshiwa mtoto.

"Baba Odhiambo," alisema, "naomba mpunguze hiyo TV kidogo. Mtoto ndio amelala tu saa hii."

Baba alikuwa ameona kivuli chake mlangoni na kugeuka, akamtazama usoni kama alivyomtazama kila mtu. Aliyasoma maneno hayo yote. Akaigeukia televisheni. Akautazama mkono wa Odhiambo kwenye kitufe. Halafu akatutazama sisi, mmoja mmoja, akakuta tunamtazama. Aliinuka, akamwomba Mama Kiprono msamaha, akamwambia watoto hawakujua, akangoja hadi amekwenda. Odhiambo alikuwa ameshaipunguza hadi ikabaki mnong'ono.

Baba akaketi tena. Mikono yake hakujua aiweke wapi.

"Imekuwa ikiongea?" aliuliza.

Odhiambo alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa na machozi, yeye aliyetuambia bweni limemtoa machozi yote.

"Tangu mwanzo wa leo?"

Akatikisa tena. Mama alisema kwa Kijaluo waiache, waizime, chakula kiko tayari, lakini alisema akiwa nyuma ya Baba, na kwa hiyo hakusema kitu. Kwenye kioo punda alikuwa amefika mwisho wa filamu, pale anaposhinda mbio, watu wanarusha kofia na yeye anageuka kuzungumza na bata bukini. Sisi tulijua hapo ni mahali bawabu anawaambia waliopanga foleni warudi wiki ijayo. Baba alimwonyesha punda kwa kidevu.

"Wewe umesoma," alimwambia Odhiambo. "Anasema nini hapo?"

Nilimwombea kaka yangu. Sijui niliomba nini hasa. Odhiambo alisogea kwa magoti hadi mbele ya kiti, ambapo Baba angemwona vizuri, na akafungua mdomo sana kama watu wa kufuma, bila sauti. Mimi niliyesimama kando nilimsoma. *Anasema amechoka.*

Baba alimtazama kwa muda. Alikuwa ametazama midomo maisha yake yote, na alijua neno likitoka kwa mwenyewe na likiwa la kubuni.

"Punda hajasema hivyo," alisema.

"Hajasema, Baba."

"Sema alichosema. Na usinifanyie mdomo wa kiwandani, ongea tu, nitakuona."

Odhiambo alipangusa pua kwa mkono wa shati. "Anasema mtu yeyote akijiamini, hakuna kitu kitamshinda."

Baba aliinama mbele kidogo, akamwambia arudie. Odhiambo akarudia, kila neno peke yake. Baba alimgeukia punda mwenye shada la maua shingoni, akamwangalia kwa makini kama mtu anayemchunguza mgeni. Kisha kitu kikaanza tumboni mwake, kikapanda kifuani, na akacheka. Hatukuwa tumemsikia akicheka hivyo tangu kiwanda kifungwe. Alicheka hadi akashika mbavu, hadi Mama naye akaangua kicheko na mwiko wake, hadi nikaogopa Mama Kiprono atarudi.

"Huyo aliyeandika hii," alisema alipopata pumzi, "hajawahi kusimama getini hata siku moja."

Akasogea kwenye kiti, akaigonga kwa kiganja ile nafasi iliyobaki ili Odhiambo aketi hapo amgeukie. Odhiambo akaketi, magoti yake marefu yakiwa hayana pa kwenda. Baba akaniambia nirudishe mkanda mwanzo.

"Twende naye pole pole," alimwambia kaka yangu. "Nataka kujua wanadanganya wapi kwingine."